Jogoo wa Mbegu kwa Kundi Dogo la Kuku wa Nyumbani

Katika minada na masoko yetu jogoo huuzwa akiwa amefungwa miguu, au akiwa amebanana na wenzake ndani ya tenga. Mnunuzi humnyanyua, humpima uzito kwa mkono, humtazama upanga wa kichwani, hupatana bei na kuondoka naye. Kwa jogoo wa kitoweo ukaguzi huo unatosha, kwa kuwa kosa lake huisha siku ileile mezani. Kwa jogoo atakayeachwa uani awe baba wa kuku wote watakaozaliwa hapo, hautoshi. Makala haya tumemwandikia mlaji mwenye mitetea wanane, kumi au kumi na wawili nyuma ya nyumba, ambaye hana mashine ya kutotolea wala fedha ya kununua chakula cha dukani kila wiki, na ambaye ameambiwa na muuzaji kwamba jogoo fulani “atabadilisha kundi lako lote”. Maneno hayo ni ya kweli. Swali ni atalibadilisha kuwa nini.

Je, unamhitaji jogoo?

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: mtetea hutaga bila jogoo. Yai ni zao la mwili wake mwenyewe, naye atalitaga hata kama hajawahi kumwona jogoo maishani. Kinachokosekana ni mbegu ya kiume, na kwa hiyo kifaranga. Mlaji anayetaka mayai ya kula na ya kuuza tu hana sababu ya kumlisha jogoo. Tena yai lisilo na mbegu hustahimili zaidi joto la Dar es Salaam au Mombasa, kwa sababu ndani yake hakuna kiinitete kinachoweza kuanza kukua likikaa jikoni siku kadhaa.

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Ukweli ni kwamba huwika, tena kuanzia saa kumi alfajiri, na jirani aliyerudi kazini usiku wa manane hasahau. Anayeishi mahali penye nyumba zilizokaribiana aulize kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa iwapo sheria ndogo zinaruhusu kufuga, na azungumze na majirani kabla ya kununua, si baada ya kushtakiwa.

Anayetaka vifaranga ndiye anayemhitaji jogoo, na mmoja humtosha. Jogoo mmoja mwenye afya huwapanda vizuri mitetea wanane hadi kumi. Majogoo wawili katika ua mdogo hupigana, na mitetea ndio hulipa gharama ya ugomvi huo.

Nusu ya kundi

Mtetea ana sehemu katika vifaranga wake mwenyewe tu, ilhali jogoo ana sehemu katika vifaranga wa wote. Tuchukue mfano wa kaya yenye mitetea wanane, kila mmoja akitotoa mara mbili kwa mwaka na kufanikiwa kukuza vifaranga watano kila mara. Hao ni kuku 80, na wote ni watoto wa jogoo yule mmoja. Ukikosea kumchagua mtetea, kosa litaonekana katika kuku 10. Ukikosea jogoo, litaonekana katika kuku 80, na mwaka unaofuata litakuwa limeingia katika mitetea wako wapya.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza “jogoo gani ni bora?”, tazama ulichonacho. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai kati ya 40 na 60 kwa mwaka, kwa awamu tatu hivi. Idadi hiyo ni ndogo, na wauzaji wa mbegu za kisasa hawakosi kuitaja. Wasichokitaja ni kazi anayoifanya mtetea huyo baada ya kutaga: huatamia siku 21, huangua, huwafunika vifaranga kwa mbawa zake usiku, huwafundisha kutafuta chakula na huwakabili mwewe na kicheche. Kazi hiyo yote ameifanya bila umeme, bila taa ya joto na bila mshahara. Katika nyumba isiyo na mashine, mtetea anayeatamia ndiye mashine. Silika ya kuatamia hurithiwa, na jogoo huichangia au huiondoa ingawa yeye mwenyewe haatamii. Hapa ndipo hasara kubwa hufichika, nayo huchelewa kuonekana: kaya hufurahia kuku wakubwa kwa msimu mmoja au miwili, kisha hujikuta ina mitetea wanaotaga vizuri wasiotaka kuyalalia mayai yao.

Chotara si mbegu ya kudumu

Wauzaji wengi huita “chotara” kuku yeyote mkubwa asiye wa kizungu wala wa kienyeji. Kuroiler, waliotokana na kazi ya uzalishaji iliyofanyika India, na Sasso, wanaotoka Ufaransa, ndio wanaojulikana zaidi kwa jina hilo, na wote wawili wamejaribiwa katika kaya za vijijini nchini Tanzania. Hatuna ubishi nao kama kuku wa kufugwa na kuuzwa. Hukua haraka na huwa wazito kuliko kuku wa kienyeji, na mlaji aliyenunua vifaranga wao, akawalisha na kuwauza, amewatumia kwa namna waliyokusudiwa.

Tatizo huanza pale jogoo wao anapouzwa kuwa jogoo wa mbegu. Mkulima wa mahindi ataelewa upesi. Mbegu chotara ya mahindi huzaa vizuri msimu wa kwanza, lakini anayechukua punje za mavuno hayo na kuzipanda tena huona shamba lenye mimea isiyolingana na mavuno yaliyopungua. Kuku chotara ni vivyo hivyo. Sifa zake hutokana na kuunganishwa kwa koo mbalimbali zinazotunzwa na kampuni ya uzalishaji, na wewe huna koo hizo. Ukimpandisha kwa mitetea wako, vifaranga watatofautiana: huyu mkubwa, yule mdogo, mwingine mwenye njaa ya baba asiyeweza kujitafutia chakula kama mama. Wa kwanza kati yao wanaweza kuwa wazuri kweli, nasi hatukatai hilo. Lakini muuzaji anayeahidi kwamba jogoo wa Sasso “atazaa Sasso” anaahidi kisichowezekana.

Upo pia ugumu wa mwili wenyewe. Jogoo wa aina hizo akikomaa na kulishwa vizuri huweza kupita kilo 3. Mtetea wa kienyeji mara nyingi ana kilo moja, au moja na nusu. Jogoo mzito namna hiyo humchana mtetea mgongoni kwa kucha na kwa vipi, yaani ile miiba ya nyuma ya miguu, naye mtetea huanza kumkimbia. Mayai mengi yasiyo na mbegu katika kundi lenye jogoo mkubwa wa kupendeza aghalabu yana sababu hiyo.

Kuku wa Malawi na wenziwe

Jina “kuku wa Malawi” ambalo limeenea Tanzania ni la safari tu. Kuku huyo ni Black Australorp, aliyeendelezwa Australia kutokana na kuku wa Uingereza aitwaye Orpington. Malawi ilimsambaza kwa wakulima wake kwa miaka mingi, na majirani wakamchukua kwa jina la nchi alikotoka mara ya mwisho. Ni mweusi, manyoya yake hung'aa kijani juani, na upanga wake ni mmoja uliosimama wenye meno. Tofauti kubwa kati yake na chotara ni kwamba yeye ni uzao safi: Australorp wa kweli akimpanda Australorp wa kweli, watoto hufanana na wazazi. Jogoo wake akiwapanda mitetea wa kienyeji, mchanganyiko wa kwanza hutabirika, nao huwa na mwili na utagaji ulio kati ya pande mbili.

Wauzaji hupenda kusimulia kwamba mtetea wa uzao huu aliwahi kuhesabiwa mayai 364 katika siku 365. Ni kweli, ilitokea Australia katika miaka ya 1920. Mtetea huyo lakini alikuwa katika mashindano, akilishwa na kutunzwa kwa ajili hiyo, na hakuwa akichakura majivu nyuma ya jiko. Yasikufanye ulipe bei ya mayai 364.

Rhode Island Red, uzao wa Marekani wenye rangi ya kahawia nyekundu, yuko katika fungu hilohilo la uzao safi, nasi tungemweka karibu na Australorp kama si jambo moja: rangi yake inafanana mno na ya Sasso na ya machotara wengine wengi, na sokoni kila jogoo mwekundu huweza kuitwa kwa jina lake. Rangi peke yake si ushahidi. Kama huwezi kuwaona wazazi au kundi alikotoka, mchukulie kuwa ni chotara na ulipe bei ya chotara.

Anayechagua jogoo wa uzao safi wa kigeni azingatie sharti moja: asiwapandishe mitetea wake wote. Abakize watatu au wanne wa kienyeji wanaojulikana kwa kulea, na wanapozeeka awarithishe kwa mabinti waliozaliwa na jogoo wa kienyeji. Mchanganyiko wa kwanza bado huwa na baadhi ya mitetea wanaoatamia. Ukiwapandisha mabinti hao tena kwa jogoo wa kigeni, silika hupungua, na ukirudia mara ya tatu utakuwa unatafuta mashine. Kenya, ambayo iliwapa wakulima majogoo wa kigeni kwa kubadilishana na wao wa kienyeji katika mpango ulioanza mwaka 1976, ina wafugaji wengi wazee wanaoweza kumsimulia mlaji habari hii vizuri kuliko sisi.

Kishingo, Kuchi na wengine wa kwetu

Tunashangazwa na jinsi mlaji anavyoweza kusafiri mbali kumtafuta jogoo wa kigeni huku akimpita Kishingo aliyefungwa kando ya barabara. Kuku huyu asiye na manyoya shingoni huonekana kama mgonjwa, na wapo wanaomdharau kwa sura hiyo. Upungufu wa manyoya ndio faida yake. Joto la mwili hutoka kwa urahisi, kwa hiyo katika maeneo ya joto huendelea kula na kukua wakati wenziwe wamefungua midomo wakihema kivulini. Anafaa Pwani, Tanga, Morogoro na mahali pote penye joto kali. Kwenye baridi ya Makete au Limuru tusingemshauri mtu.

Hapa lipo jambo ambalo mnunuzi anaweza kulikagua kwa macho, na ni nadra kupata bahati hiyo katika biashara ya mbegu. Mtazame jogoo sehemu ya mbele ya shingo, juu kidogo ya gole. Kama shingo ni tupu kabisa, amerithi sifa hiyo kwa baba na kwa mama, na vifaranga wake wote watakuwa na shingo tupu hata kwa mitetea wenye manyoya kamili. Kama ana kishungi cha manyoya hapo mbele, ameirithi kwa mzazi mmoja tu, na takribani nusu ya vifaranga ndio watakaofanana naye. Wote wawili ni halali kuuzwa. Lakini hawapaswi kuwa na bei moja kwa anayetafuta mbegu. Zingatia vilevile kwamba wapo Sasso wenye shingo tupu, kwa hiyo shingo peke yake haimfanyi jogoo kuwa wa kienyeji.

Kuchi ni habari nyingine. Jogoo huyu mrefu, aliyesimama wima, mwenye upanga mdogo na miguu mirefu yenye nguvu, hupatikana Mwanza, Shinyanga na pia katika pwani yetu, na miongoni mwa kuku wa kienyeji ndiye mwenye umbo kubwa. Kwa nyama, jogoo wa Kuchi huongeza ukubwa wa kundi bila kulitoa katika ukienyeji wake. Ubaya wake ni mitatu: mitetea wa uzao huu hutaga kidogo, majogoo ni wagomvi, na bei yake hupandishwa na watu wanaompenda kwa fahari au kwa mapigano, mambo ambayo hayampi mlaji kilo hata moja. Usilipe bei ya fahari kwa ajili ya nyama. Penye watoto wadogo uani tungemwacha.

Wapo pia Ching'wekwe wenye miguu mifupi, Kidimu wenye manyoya yaliyopindukia nje, na wengi wasio na jina lolote. Kwa kaya nyingi za aina tuliyoitaja mwanzoni, ushauri wetu hauna mbwembwe: jogoo wa kienyeji mwenye mwili mzuri, aliyezaliwa na mama anayejulikana kwa kutaga na kulea, na aliyetoka kijiji kingine. Huyo wa mwisho kwenye tenga ambaye muuzaji hajamsemea neno anaweza kuwa ndiye, ila lazima ujue mamaye. Ndiyo sababu jogoo wa mbegu hununuliwa vizuri zaidi nyumbani kwa mfugaji kuliko mnadani.

Kumkagua

Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa kuwa jua la mchana humfanya hata jogoo mzima aonekane mnyonge. Mtazame kwanza akiwa huru. Jogoo anayefaa hutembea sawasawa, huwaita mitetea akiona chakula, na hajitengi. Kisha mshike. Macho yawe maangavu, pua kavu isiyo na kamasi, pumzi isiyokoroma. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiwa umenyooka na una nyama pande zote, vyema, ukiwa mkali kama kisu, amekonda, na manyoya yalikuwa yakikuficha hali hiyo. Fungua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka tundu la haja utafute chawa na utitiri. Tundu lenyewe liwe safi, kwani manyoya yaliyogandamana kwa kinyesi cha kijani au cheupe ni sababu tosha ya kuondoka. Magamba ya miguu yalale vizuri. Yakiinuka kama maganda ya mti, kuna wadudu chini yake.

Umri husomwa kwenye vipi. Vikiwa vifupi na butu, jogoo hajafika au ndiyo kwanza anafika mwaka mmoja. Vikiwa virefu vilivyopinda, ana miaka miwili au zaidi, na huenda anauzwa kwa sababu amechoka. Tunapendelea mwenye miezi minane hadi kumi na miwili.

Bei ya chini kupita kiasi iwe onyo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukikaribia kijiji, wenye kuku huharakisha kuwauza kabla hawajafa, na kuku hao huonekana wazima siku ya mauzo. Muulize mfugaji alichanja lini. Chanjo ya matone ya machoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na huhitaji takribani wiki mbili kabla ya kumkinga kuku, kwa hiyo jogoo aliyechanjwa jana ni sawa na ambaye hajachanjwa. Jibu la “hawa wa kienyeji hawahitaji chanjo” lichukulie kuwa ni hapana.

Baada ya kulipa

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa jogoo mpya tungeongeza banda lake peke yake. Mtenge kwa wiki mbili kwa uchache, mbali na wenyeji, kwa chombo chake cha maji, na umhudumie mwisho baada ya kuwahudumia wengine. Wapo waliopoteza mitetea wote kwa kuiona hatua hii kuwa usumbufu. Akifa katika siku hizo usimle wala usimtupe jalalani. Mwite ofisa mifugo wa kata, ambaye uchunguzi wake utakulinda wewe na pia utakuwa ushahidi.

Ushahidi huo una maana, kwa sababu kuku ni bidhaa mbele ya sheria. Nchini Tanzania Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyekuuzia “Australorp safi” kisha vifaranga wakatoka wa kila rangi anaweza kudaiwa. Ugumu huwa katika kuthibitisha alichosema. Kwa hiyo omba risiti, na kama mfugaji hana kitabu cha risiti, karatasi ya daftari inatosha: jina lake, tarehe, bei, aina ya jogoo kama alivyoitaja, umri, tarehe ya chanjo, na sahihi za pande mbili. Mpige jogoo picha kwa simu akiwa mikononi mwa muuzaji. Muuzaji mkweli hatachukia. Ikiwa jogoo anatoka wilaya nyingine, uliza pia kibali cha kusafirisha mifugo kabla hujampakia kwenye basi.

Jogoo akishaingia kundini, usikusanye mayai ya kutotolea mara moja kama kulikuwa na jogoo mwingine kabla yake. Mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini hadi wiki mbili au zaidi, kwa hiyo vifaranga wa mwanzo wanaweza kuwa wa yule uliyemchinja. Subiri wiki tatu. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, mabinti wa jogoo huyu watakuwa wanataga, na asipoondolewa atawapanda wao: hapo ndipo huzaliwa vifaranga dhaifu, walemavu na wasiokua. Badilishana naye na mfugaji wa kijiji kingine akiwa bado na nguvu, ukienda na ile karatasi yake, maana safari hii muuzaji utakuwa wewe.